Uongo wa Lindi

Kwetu Tandahimba maji ni ya kutafuta. Mchanga wa nyanda za juu za Makonde unakunywa mvua yote, mto hakuna, ziwa hakuna, na bibi zetu walishuka bondeni kuteka kisha wakapanda tena mteremko na mzigo kichwani. Mradi wa maji wa Makonde ulianza miaka ya 1950, na bado ukiulizia bomba vijiji vingine watu wanacheka kwanza. Sasa fikiria babu yangu akikaa chini ya mkorosho na kusema aliona ndege ikitua juu ya maji, ikaelea kama mtumbwi, halafu ikaruka tena. Tena eti haina miguu. Nani amwamini? "Uongo wa Lindi," wakamwambia, na jina likamganda mpaka anazikwa.

Alikuwa mtoto, amemfuata baba yake aliyekwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge ya Lindi. Mwaka hakuujua. Alijua ni kabla ya vita ya Hitla, na kwamba lile dude lilikuwa na injini nne na liling'aa kama sufuria mpya.

Mimi ni mwandishi wa habari, kazi yangu ni kuthibitisha, na nilichelewa. Babu alikuwa ameshafariki nilipokutana na orodha ya vituo vya shirika la Uingereza, Imperial Airways. Kuanzia Juni 1937 ndege zake za majini zilibeba barua na abiria kutoka Southampton hadi Durban. Zilifuata mto Nile, zikagusa Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam, kisha Lindi, kabla ya kuingia Msumbiji na kwenda Beira. Lindi! Nilisoma neno hilo mara tatu.

Ndege zenyewe ziliitwa Short Empire. Ya kwanza iliruka Julai 1936. Mabawa yake yalikuwa na urefu wa kama mita 35 kutoka ncha hadi ncha, injini nne za Bristol Pegasus, nafasi za abiria 24. Na miguu kweli hazikuwa nayo: tumbo lake ni jahazi. Chini ya tumbo hilo palikuwa na kidato, kama ngazi moja, kwa sababu maji hung'ang'ania kitu laini kinachoteleza juu yake. Kidato kinayakata, hewa inaingia, ndege inabanduka. Hesabu ya wakubwa ilikuwa rahisi: kiwanja cha ndege kinahitaji kufyekwa na kusawazishwa, lakini hori la Lindi, mto Lukuledi unapoingia baharini, lilikuwepo tayari, bure.

Pwani yetu ilikuwa imeshaona ndege za namna hiyo zamani zaidi. Mwaka 1914 manowari ya Wajerumani, Königsberg, ilijificha kwenye delta ya Rufiji. Waingereza wakamchukua rubani raia aitwaye Cutler, na ndege ya majini aina ya Curtiss kutoka Durban. Rejeta ilipowasumbua, wakatafuta ya gari la Ford Mombasa. Novemba mwaka huo Cutler aliiona manowari kutoka angani. Desemba injini ikamwangusha na akatekwa. Ndege zilizofuata, za Sopwith, zilishindwa na joto letu: gundi ikaachia, mbao zikapinda. Königsberg ilizama Julai 1915.

Nawaza hiyo gundi kila ninapoona picha za Seawind. Hii ni ndege ya viti vinne iliyobuniwa Kanada na kuruka mara ya kwanza 1982, halafu ikauzwa kwa vipande: unaletewa makasha, unajenga mwenyewe gereji kwako. Mwili wake ni wa faiba, ileile ya boti za uvuvi. Injini iko juu mkiani, mbali na maji yanayoruka, na ina magurudumu ya kukunja, kwa hiyo inatua pande zote mbili, jambo ambalo ndege ya babu haikuliweza. Sheria ya Marekani inamtaka mjenzi afanye zaidi ya nusu ya kazi kwa mkono wake. Si mchezo, lakini. Mwaka 2007 ndege ya majaribio ya toleo la kiwandani ilianguka ikamuua rubani.

Msimu wa korosho uliopita nilikwenda nyumbani nikamwonyesha baba mkubwa picha ya Empire kwenye simu. Yeye ndiye aliyekuwa akiongoza kicheko. Aliivuta karibu na macho, akaikuza kwa vidole, akatafuta chini ya tumbo.

"Miguu iko wapi?"

"Haina, baba mkubwa."

Akakaa kimya, kisha akanirudishia simu na kuniambia niitume kwenye kundi la ukoo, ila nisiandike kitu chini yake, ataandika mwenyewe.