Mshairi wa Ronda na Ngazi za Maji

Mji wa Ronda, kusini mwa Hispania, umekaa juu ya jabali, mita zipatazo 740 kutoka usawa wa bahari, na jabali hilo limepasuliwa na korongo ambalo mto Guadalevín umelichimba kwa zama zisizohesabika. Makundi ya marafiki hupanda huko mwisho wa wiki, kwa treni kutoka Algeciras au kwa basi kutoka Málaga, wakakaa siku mbili na kuteremka. Wote husimama juu ya Daraja Jipya, lililokamilika mwaka 1793, mita 98 juu ya maji. Ni wachache wanaokumbuka kwamba daraja lililotangulia, la mwaka 1735, liliporomoka mwaka 1741 na kuua watu wapatao 50. Hata hivyo, kwa mpenzi wa ushairi, Ronda ina mambo mawili yanayostahiki safari kuliko daraja hilo: la kwanza ni kasida, la pili ni ngazi.

Kasida ni ya Abu al-Baqa, mtu wa Ronda na kwa hiyo ar-Rundi, aliyeishi baina ya mwaka 1204 na 1285. Alikuwa mwanachuoni wa fani ya ushairi, aliyeandika hata kitabu cha kanuni za utungaji. Umri wake uliangukia katika zama za msiba. Wafalme wa Kikristo kutoka kaskazini waliitwaa Córdoba mwaka 1236, Valencia mwaka 1238, Jaén mwaka 1246 na Sevilla mwaka 1248. Kisha, katika miaka ya 1260, sultani wa Granada, Muhammad wa Kwanza wa ukoo wa Banu Nasr, alimwachia Alfonso wa Kumi miji na ngome nyingine ili aokoe kile kilichosalia. Hapo ndipo ar-Rundi alipotunga maombolezo yake, yote yakiwa na kina kimoja cha herufi ya nuni, kama vile kina cha mwisho cha utenzi wa Kiswahili kisivyobadilika tangu ubeti wa kwanza hadi wa tamati.

Mshairi anaanza mbali. Anasema kuwa dunia haidumu, kisha anauliza walikokwenda wafalme wa Yemen na wa Uajemi. Baada ya hapo anaita miji ya Andalusi mmoja mmoja, kama mtu aitaye majina ya jamaa waliofiwa. Msomaji wa Pwani atauona mwendo huu kuwa si mgeni kwake, kwani Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir aliufuata pia katika Al-Inkishafi alipoikumbuka Pate na fahari yake. Hapana haja ya kudai kwamba mmoja alimwiga mwenziwe. Wote wawili walichota katika kisima kimoja cha mawaidha.

Lakini tofauti yao ni kubwa. Mshairi wa Al-Inkishafi anauhutubia moyo wake mwenyewe mbele ya majumba yaliyokwisha kuwa magofu. Ar-Rundi aliandika hali mji wake ungali umesimama, na soko lake lingali wazi. Hakuwa akililia yaliyopita tu; alikuwa akiomba msaada. Sehemu ya mwisho ya kasida imeelekezwa kwa walio ng'ambo ya bahari, wenye farasi na silaha, wakaao kwa amani makwao hali ndugu zao wanauzwa sokoni na mama anatenganishwa na mwanawe. Majeshi ya Banu Marin kutoka Morocco yalivuka bahari mwaka 1275, na katika karne ya 14 Ronda yenyewe ilikuwa chini yao kwa vipindi. Msaada huo uliahirisha tu mwisho. Kila mji ulipoanguka, watu waliongeza beti zao katika kasida ya ar-Rundi, hata al-Maqqari, mwanatarikhi wa karne ya 17, akalazimika kuonya kwamba baadhi ya miji inayotajwa ilianguka baada ya mshairi kufa.

Zamu ya Ronda ilifika mwaka 1485, miaka 200 baada ya kifo cha mshairi wake. Na hapa ndipo penye ngazi. Mji uliokaa juu ya genge huwa salama kwa adui, lakini uko mbali na maji. Kwa hiyo, katika karne ya 14, watu wa Ronda walichonga ngazi ndani ya mwamba hadi chini mtoni, na maji yakapandishwa kwa viriba. Wapandishaji, kwa mujibu wa masimulizi ya mji, walikuwa mateka Wakristo. Jeshi la mfalme Fernando lilipoleta mizinga na kuwakatia watu maji hayo, mji ulisalimu amri tarehe 22 Mei. Mateka walifunguliwa, na minyororo yao ikapelekwa Toledo, ambako ingali imetundikwa katika kuta za nje za San Juan de los Reyes.

Anayeshuka ngazi hizo baada ya kuisoma kasida hubaki na mambo mawili moyoni. Mshairi alimlilia mama aliyeuzwa, na kilio chake kilikuwa cha haki. Katika mji wake huohuo, minyororo ilikuwa miguuni mwa watoto wa watu wengine, na hao hawakupata mshairi wa kuwalilia huko. Waliokulia kando ya majumba ya mawe yenye milango ya nakshi wanalifahamu jambo hili: birika halikujijaza lenyewe.

Leo msikiti mkuu wa Ronda ni kanisa la Santa María la Mayor, na ndani yake tao moja la mihrabu limesalia. Mnara wa msikiti mwingine, uliokuja kuitwa San Sebastián, umesimama peke yake pembeni mwa njia. Wazao wa waliousikia wito wa adhana hapo walilazimishwa kubadili dini mwanzoni mwa karne ya 16, na wakafukuzwa nchini kuanzia mwaka 1609. Kasida ilivuka bahari. Ngazi hazikuweza kuchukuliwa. Zingali pale, zimelowa, zikimngoja mgeni ashuke.