Bunduki Isiyo na Jina: Msamiati wa Silaha na Shabaha katika Bara ya Mombasa

Makala haya yanahusu swali ambalo kwa kulitazama juu juu ni dogo. Mtu akaaye Kisauni, Likoni au Changamwe, akitaka kupata bunduki ya mtindo wa kale, si ya vita wala ya kuwinda bali ya kulengea shabaha siku za mapumziko, ataitaja vipi kwa Kiswahili ili fundi, karani wa leseni na jirani yake wamwelewe? Kuwinda hakumhusu, kwani nchini Kenya uwindaji wa wanyama ulipigwa marufuku mwaka 1977. Nilidhani jibu lingepatikana katika kamusi kwa muda wa asubuhi moja. Nilichokikuta ni lugha yenye utajiri mkubwa upande mmoja na kimya kikubwa upande wa pili, na kimya hicho ndicho kilichonifanya niiache kamusi kwa muda na kuishika historia.

Tuanze na utajiri. Neno lenyewe bunduki tumelipokea kutoka Kiarabu, ambako bunduq ni njugu ya namna fulani, kisha ikawa kitufe cha kurushwa kwa upinde, kisha chombo kirushacho kitufe kwa moto. Baruti na risasi vimepita njia hiyo hiyo, na risasi kwa asili yake ni jina la madini tu. Mzinga hatukuuazima. Gogo lililotobolewa ndani na kutundikwa mtini ili nyuki waingie lilikuwapo zamani, na watu walipoiona mizinga ya shaba na chuma ya Wareno, ambao ngome yao ya Mombasa ilianza kujengwa mwaka 1593, hawakuhangaika kutafuta jina.

Kamusi za zamani, kuanzia kazi ya Steere ya mwaka 1870 na ile ya Krapf iliyochapishwa mwaka 1882 hadi ya Johnson ya mwaka 1939, zinaonyesha kwamba bunduki ilikuwa na viungo vinavyojulikana kwa majina. Kasiba ndiyo bomba lake, kwa Kiarabu utete. Mdeki ni ufito wa kushindilia baruti na risasi kupitia mdomoni, kutokana na neno la Kiarabu lenye maana ya kutwanga. Kifa ni pale penye tundu la kupokelea moto. Tako huegemezwa begani. Marisaa ni vijirisasi vidogo vya ndege. Mtambo, neno ambalo leo linatuletea picha ya kiwanda au kituo cha redio, lilikuwa kamani ya mtego, kisha likawa chombo cha bunduki chenye kamani kinachopigisha moto. Msomaji atakayeandika historia ya istilahi zetu za mashine asisahau kwamba mashine iliingia katika neno hili kwa kupitia mtego wa mnyama na bega la mpiga bunduki.

Aina za bunduki nazo zilibainishwa kwa uangalifu. Ilikuwapo bunduki ya gumegume, ambayo jiwe lake, mtambo ukifyatuka, hugonga kibamba cha chuma na cheche zikaangukia baruti. Ilikuwapo bunduki ya fataki, ambayo badala ya jiwe hutumia kikombe kidogo cha shaba chenye dawa ilipukayo kwa kugongwa. Ikaja bunduki ya viasi, ambayo baruti na risasi vimekwisha pimwa na kufungwa pamoja katika kifuko kimoja, na kuingizwa kwa nyuma. Kiasi maana yake kipimo, na sidhani kwamba mtu angeweza kulitafsiri wazo hilo vizuri zaidi. Korofindo na gobore yalikuwa majina ya jumla ya bunduki kuukuu za kushindiliwa. (Inafurahisha kuona mwisho wa maneno hayo. Gumegume leo ni mwanamume asiyefaa kitu, na fataki nchini Tanzania, baada ya mafunzo yaliyotangazwa redioni kuanzia mwaka 2008 hivi, limekuwa jina la mtu mzima anayewarubuni wasichana. Silaha zimestaafu, majina yake yamewashukia wanaume.)

Msomaji ataona kwamba uainishaji wote huu unasimama juu ya msingi mmoja, nao ni jinsi moto unavyoifikia baruti. Haukuuliza bunduki imetengenezwa na nani, wala kipenyo cha risasi. Jambo la kustaajabisha ni kwamba haukuuliza pia kama bunduki inapiga sawasawa. Kwa mtu wa shabaha, hilo ndilo swali la kwanza. Kasiba laini kwa ndani humwachia risasi ya duara icheze ndani yake, na ikitoka huelekea inakotaka. Askari wa zamani mwenye bunduki ya namna hiyo hakuweza kutumaini kumpiga mtu mmoja aliyemchagua zaidi ya hatua mia moja hivi. Kasiba iliyochimbwa mistari ya kuzunguka huizungusha risasi kama pia, nayo ikatulia katika mwendo wake na kufika mbali mara kadhaa. Mafundi wa Ulaya waliijua siri hiyo tangu karne ya 16. Waingereza wana jina maalumu la bunduki hiyo. Sisi hatuna. Katika kamusi nilizozitaja sijakutana na jina la asili la bunduki ya namna hiyo, wala la mistari yenyewe ndani ya kasiba. Tunaiita bunduki tu, au tunalitamka jina la Kiingereza kila mtu kwa ulimi wake.

Kwa nini? Jibu la haraka ni kwamba bunduki hizo zilichelewa kufika. Jibu hilo halitoshi. Mnamo mwaka 1888 Euan-Smith, balozi wa Uingereza mjini Unguja, alikisia kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 za kila namna zilikuwa zikipita Unguja kwa mwaka kwenda bara ya Afrika. Nyingi zilikuwa kuukuu zilizotupwa na majeshi ya Ulaya, lakini za viasi zilikuwamo, na zenye mistari zilikuwamo. Lugha iliyopata nafasi ya kuita kiasi kiasi isingeshindwa kuupa jina mstari.

Nadhani sababu ya maana ni sheria. Tarehe 2 Julai 1890 mataifa yaliyokutana Brussels yalitia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa, na ndani yake mkawamo vifungu vya silaha. Kati ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini ilikatazwa kuingiza bunduki, hasa zile zenye mistari na zilizoboreshwa. Iliyoweza kuruhusiwa katika biashara ilikuwa bunduki ya gumegume yenye kasiba laini, pamoja na baruti duni. Bunduki bora ziliachiwa majeshi ya serikali, wasafiri wenye hati, na mtu binafsi aliyeweza kutoa dhamana ya kutosha kwamba hatampa mwingine. Karatasi haikutaja rangi ya mtu. Hapana haja ya kueleza ni nani katika Mombasa ya miaka ile aliyehesabiwa kuwa na dhamana ya kutosha.

Hivyo mpaka uliochorwa Brussels ulipita katikati ya msamiati wetu. Upande mmoja ulikuwa na gumegume, fataki, mdeki na marisaa, vitu vilivyokuwa mikononi mwa watu na kwa hiyo vinywani mwao. Upande wa pili ulikuwa na bunduki ipigayo sawasawa, ambayo ilikuwa mali ya askari. Mwaka 1895, wakati Mbaruk bin Rashid wa ukoo wa Mazrui alipokuwa akipigana na utawala mpya wa Waingereza katika pwani ya kusini, liliundwa jeshi la East Africa Rifles, makao yake Mombasa. Mwaka 1902 likaingizwa katika King's African Rifles, na wenyeji wakazichukua herufi zake tatu wakazifanya Keya. Jina la bunduki yenye mistari limo ndani ya Keya, katika herufi ya mwisho, lakini hapana amsikiaye.

Jambo la pili linaunga mkono rai hii, nalo ni kitenzi. Kwa mshale tunasema kufuma, na ndani ya kufuma mna kupata: aliyefumwa amechomwa. Wamijikenda wa bara ya Mombasa walikuwa watu wa uta na mishale ya sumu, na msamiati wa kulenga ulikuwa na mizizi huko kabla ya baruti. Bunduki haikupewa kitenzi hicho. Bunduki hupigwa, kama ngoma inavyopigwa, au kama kengele ile ya Freretown, mji wa watumwa waliokombolewa ulioanzishwa na wamisionari Kisauni mwaka 1875, iliyopigwa kuwaonya watu na kuacha jina la Kengeleni hadi leo. Kinachopigwa hutoa sauti. Katika arusi na sikukuu za pwani bunduki ilipigwa hewani bila risasi, na kwa kazi hiyo kasiba laini haina upungufu wowote. Ni kweli tunasema pia kupiga shabaha, lakini usemi huo hauniondolei wasiwasi wangu.

Turudi kwa mtu wetu wa Likoni. Uchunguzi wa jambo hili huko si mwepesi. Tangu usiku wa tarehe 13 Agosti 1997, kituo cha polisi cha Likoni kiliposhambuliwa, askari wakauawa na bunduki zikachukuliwa, mazungumzo ya silaha huendeshwa kwa sauti ya chini, na mtu aulizaye majina ya viungo vya bunduki huulizwa kwanza yeye ni nani. Mzee mmoja aliyekubali kuzungumza nami alitumia neno moja tu, gobore, kwa bunduki ya gumegume, kwa bunduki iliyoundwa kichochoroni kwa bomba la maji, na hata kwa Mark 4 ya askari wa akiba. Mkorogo huu una hatari zake. Bomba la maji halikutengenezwa kuhimili mripuko wa baruti, na kuliunda kuwa silaha bila idhini ni kosa chini ya Sura ya 114 ya sheria za Kenya. Mkalimani mahakamani akisema gobore, hakimu aandike nini?

Anayetaka kuchagua bunduki ya kale kwa njia ya halali, akiwa na leseni yake, ataonyeshwa pengine Martini-Henry, iliyopokewa na jeshi la Uingereza mwaka 1871, au Lee-Enfield iliyoifuata baadaye. Cha kwanza afanye ni kuhakikisha haina kiasi ndani, kisha aifungue na kuitazama kasiba dhidi ya mwanga. Martini-Henry ina mistari saba. Lee-Enfield kwa kawaida ina mitano, ingawa baadhi ya zile Mark 4 zilizotengenezwa kwa haraka wakati wa Vita Kuu ya Pili zina miwili tu. Mistari ikiwa imelika au imejaa kutu, uzuri wa tako hautamsaidia kitu.

Jina ninalolipendekeza kwa bunduki hiyo ni bunduki ya mifuo. Mfuo ni mstari wa kuchimbika, neno letu la siku zote, na umbo la istilahi linafuata lile la bunduki ya gumegume na bunduki ya viasi, kwa hiyo haliji kama mgeni. Kasiba yake tuseme ina mifuo mitano au saba. Bunduki ya kasiba laini inayorusha vijirisasi vingi kwa pamoja ibaki bunduki ya marisaa, na gobore lirudishiwe maana yake ya bunduki ya kushindiliwa kwa mdeki. Nilipomtajia mzee yule jina hilo alilirudia mara mbili, akauliza kama la mkewe askari lilikuwa na mifuo, nikamjibu kwamba kama lilikuwa Mark 4, lazima lilikuwa nayo.