Hempu, bangi na mafuta ya CBD: Sheria ya Uganda inasema nini?

Chupa ndogo ya mafuta ya CBD huuzwa waziwazi katika maduka ya London, kando ya vitamini na sabuni. Abiria akiisahau ndani ya begi na kutua nayo Entebbe, chupa ile ile huweza kumfikisha mbele ya polisi wa kupambana na dawa za kulevya. Bidhaa haikubadilika njiani, bali sheria inayoitazama ndiyo iliyobadilika.

Nchini Uganda, sheria hiyo yenyewe imefutwa na kutungwa upya katika mwaka mmoja, hali iliyowaacha wafanyabiashara, wakulima na wagonjwa wengi wakijiuliza ni lipi hasa lililo halali.

Mmea mmoja, majina mawili

Kibotania, hempu na bangi ni mmea mmoja, Cannabis sativa. Kinachozitofautisha ni kiasi cha THC, kemikali inayolevya. Hempu huwa na THC kidogo mno, na hulimwa kwa ajili ya nyuzi za kamba, nguo na karatasi, mbegu zinazoliwa, pamoja na CBD, kemikali nyingine ya mmea huo ambayo hailevyi.

Marekani iliweka mpaka wa asilimia 0.3 ya THC mwaka 2018. Umoja wa Ulaya nao hutumia kiwango hicho kwa wakulima wanaopewa ruzuku tangu mwaka 2023.

Kwa macho, mipaka hiyo haionekani. Shamba la hempu na shamba la bangi hufanana, na maabara pekee ndiyo inayoweza kuyatenganisha. Lugha nayo haisaidii sana: neno katani kwa wengi humaanisha nyuzi za mkonge, ilhali mjini Kampala mmea wote, wenye THC nyingi au kidogo, huitwa njaga.

Sheria iliyofutwa na kurudi

Tangu mwaka 1993, sheria iliyounda Mamlaka ya Taifa ya Dawa ya Uganda ilikataza kulima mmea wowote unaotoa dawa za kulevya bila idhini ya maandishi ya waziri. Sheria kali zaidi, mahususi kwa dawa za kulevya, ilifuata mwaka 2015, ikajumuisha bangi na miraa.

Waliokwenda mahakamani kuipinga hawakuwa wakulima wa bangi. Mwaka 2017, chama cha wakulima na wafanyabiashara wa miraa cha Wilaya ya Wakiso kiliwasilisha shauri katika Mahakama ya Kikatiba. Tarehe 5 Mei 2023, majaji waliibatilisha sheria nzima. Sababu yao ilihusu utaratibu: Bunge liliipitisha bila kuthibitisha kwamba akidi ya theluthi moja ya wabunge, inayotakiwa na Katiba, ilikuwa imetimia.

Mahakama haikusema kwamba bangi haina madhara, wala haikuihalalisha. Hata hivyo, wako waliouelewa uamuzi huo kama ruhusa. Agosti 2023 Bunge lilipitisha muswada mpya, na Rais Yoweri Museveni akautia saini kuwa sheria. Bangi na miraa zimerudi katika orodha ya mimea inayodhibitiwa, na mlanguzi anaweza kuhukumiwa hadi kifungo cha maisha.

Nani anaweza kulima?

Mlango haukufungwa kabisa, ila ni mwembamba. Serikali inaweza kutoa kibali cha kilimo kwa madhumuni ya tiba. Kampuni ya Industrial Hemp Uganda ilipata fursa hiyo na kushirikiana na Together Pharma ya Israel katika Wilaya ya Kasese, magharibi mwa nchi. Licha ya neno hempu katika jina lake, mradi huo ulilenga bangi ya tiba kwa soko la nje.

Vibali vya aina hiyo huhitaji mtaji mkubwa, ulinzi na mnunuzi anayejulikana. Mkulima mwenye ekari mbili hawezi kuvifikia kwa urahisi. Akipanda hempu bila kibali, hoja kwamba mmea wake haulevyi si kinga ya kutegemea, kwa kuwa udhibiti wa Uganda huanzia kwenye mmea wenyewe.

Mataifa mengine yanafanya nini?

Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu dawa za kulevya wa mwaka 1961, katika ibara ya 28, hauhusishi kilimo cha bangi kinachofanywa kwa ajili ya nyuzi na mbegu pekee. Kila nchi ina hiari ya kuutumia mwanya huo. Desemba 2020, Tume ya Umoja wa Mataifa ya Dawa za Kulevya iliiondoa bangi katika kundi la dawa hatari zaidi kwa kura 27 dhidi ya 25, lakini udhibiti wake ukabaki.

Lesotho ilianza kutoa leseni za bangi ya tiba mwaka 2017. Malawi ilitunga sheria ya bangi ya tiba na ya viwandani mwaka 2020. Rwanda iliweka kanuni za kilimo cha tiba kwa ajili ya kuuza nje mwaka 2021, huku uvutaji ukibaki kosa.

Upepo huweza pia kugeuka. Novemba 2025 Marekani ilibana tena tafsiri ya hempu: bidhaa ya mlaji haitaruhusiwa kuzidi miligramu 0.4 za THC kwa kila chombo, na mabadiliko hayo yalipewa mwaka mmoja kabla ya kuanza kutumika.

Vipi kuhusu mgonjwa mwenye maumivu?

Uganda ina uzoefu wa kutenganisha tiba na ulevi. Tangu mwaka 1993, shirika la Hospice Africa Uganda mjini Kampala limewapatia wagonjwa wa saratani morfini ya maji, dawa inayodhibitiwa vikali, na tangu mwaka 2004 wauguzi waliopata mafunzo maalumu wanaruhusiwa kuiandika. Njia hiyo ilipatikana kwa mafunzo, rejesta na usimamizi.

Bidhaa za CBD bado hazina njia pana kama hiyo. Lebo inayosema "haina THC" ni ahadi ya mtengenezaji, na haichukui nafasi ya kibali. Anayetaka kuingiza, kuuza au kutumia bidhaa hizo nchini Uganda anapaswa kuuliza Mamlaka ya Taifa ya Dawa kabla ya kununua, na msafiri aangalie sheria za kila nchi atakayopitia. Uhalali wa chupa hiyo huko ilikonunuliwa haumlindi mwenye nayo akishavuka mpaka.