Kabla Waseme Kliki Zako ni Feki

Kama unaishi kwa linki hapa Nairobi, iwe ni ya kuuza viatu, ya apu ya mkopo ama ya tiketi za gigi, kuna ujumbe ambao umeshapata ama utaupata siku moja: "Tumeona kliki za kushuku, hatutalipa." Hakuna hesabu, hakuna maelezo. Unabaki ukijiuliza kama beste zako wamekuharibia ama ni nini.

Leo nataka tuongee mahali hiyo sheria ya "kliki za kushuku" ilitoka, juu haikuandikwa na mtu aliyekuwa anakufikiria wewe na bundles zako za shilingi ishirini.

Tuanze mbali kidogo. Kufuatilia tangazo ni kitu cha zamani kuliko intaneti. Mwaka wa 1923 Mmarekani Claude Hopkins alitoa kitabu kinaitwa Scientific Advertising, akieleza vile yeye na wenzake walipima matangazo. Gazetini unaweka kuponi ya kukata, na kila gazeti kuponi yake inakuwa na alama tofauti. Ikirudi kwa posta, unajua imetoka wapi. Basi. Zile herufi ndefu unaziona mwisho wa linki, zinazoanza na utm, ni ile kuponi tu imevaa nguo mpya. Hiyo "U" ni ya Urchin, kampuni ndogo ya San Diego ambayo Google ilinunua 2005.

Lakini kuponi ilikuwa na kitu kimoja kizuri: mtu alilazimika kutafuta makasi, bahasha na stempu. Kliki haina stempu. Tangazo la kwanza la kubonyeza ambalo watu wanalikumbuka lilikuwa la AT&T, kwa tovuti ya HotWired, Oktoba 1994. Miaka michache baadaye watu wakaanza kulipana kwa kila kliki, na 2003 Google ikaleta AdSense, yaani hata wewe mwenye blogu ndogo ukaweza kulipwa. Siku unaanza kulipa watu kwa kubonyeza, utapata watu wa kubonyeza. Hiyo haihitaji digrii, na mimi najua juu sina.

Kufikia 2005 wafanyabiashara huko Arkansas wakaenda kortini wakisema Google inawalipisha kliki za uongo. Kesi inaitwa Lane's Gifts, na 2006 ikaisha kwa makubaliano ya dola milioni 90. Kama sehemu ya hiyo kesi, profesa Alexander Tuzhilin aliingia ndani akaangalia vile Google huchuja kliki. Alisema juhudi zao zilikuwa za maana. Ila pia alisema kitu ambacho ejensi nyingi hazipendi kukumbuka: nia ya mtu anayebonyeza haiwezi kujulikana kwa uhakika ukiangalia data peke yake. Ni makisio. Makisio mazuri, lakini makisio.

Sasa hayo makisio yakasafiri hadi kwetu, na hapa ndipo mambo inachemka.

Waya za baharini zilifika Mombasa 2009, SEACOM na TEAMS. Mwaka uliofuata iHub ikafunguliwa Bishop Magua, hapo Ngong Road, na ghafla Kilimani ikawa mtaa wa mastatapu na laptopu kwa meza za kahawa. Lakini Mkenya wa kawaida hakuingia mtandaoni kwa laptopu. Aliingia kwa sayba, ama kwa kabambe yenye Opera Mini. Sayba yenye mashine kumi ina anwani moja ya intaneti: watu kumi wakibonyeza, seva ya ng'ambo inaona kama mtu mmoja mwenye kiherehere. Opera Mini nayo ilipitisha kila kitu kwa seva zake ili kubana data, kwa hivyo mfumo usiojua hivyo ulimwona mama wa Kawangware kama mashine ya kampuni ya Norway. Hata leo, kampuni za simu huweka wateja wengi sana nyuma ya anwani moja, juu anwani za aina ya zamani hazitoshi. Kwa hivyo ukiona "kliki 40, anwani moja", hiyo inaweza kuwa mwizi, na inaweza kuwa ni matatu ya Ngong Road imekwama kwa jam na kila mtu ako kwa simu.

Angalia upande wa wezi wenyewe sasa. Aleksandr Zhukov, Mrusi aliyejiita mfalme wa wizi huu, na wenzake walikodi seva zaidi ya 1,900 na anwani zaidi ya 650,000, wakaziandikisha zionekane ni za Wamarekani wameketi nyumbani kwao. Programu yao ilisongesha mausi kama mtu, ikascroll kama mtu, hata ikajifanya imeingia Facebook. Waliwaosha wenye matangazo zaidi ya dola milioni 7 kabla hajashikwa Bulgaria mwaka wa 2018, na 2021 akafungwa miaka kumi. Mwizi wa ukweli alionekana safi kuliko wewe. Alikuwa na anwani yake, haishiriki na mtu. Wewe unashiriki na nusu ya mtaa.

Na kuna watu walijaribu njia tofauti hapa hapa Kenya. Nathan Eagle, mtafiti wa Marekani, alikuwa akiishi Kilifi katikati ya miaka ya 2000. Wakatengeneza mfumo ambapo manesi wanatuma SMS kusema benki yao ya damu imebaki na kiasi gani. Mwanzo SMS zilikuja, kisha zikakauka. Kwa nini? Kila ujumbe ulikuwa unakula kredo ya nesi mwenyewe. Akaweka kwamba ujumbe ulioandikwa vizuri unarudisha kredo kidogo zaidi ya gharama, na SMS zikarudi. Kutoka hapo ikazaliwa txteagle, kazi ndogo ndogo kwa simu, kama kutafsiri maneno, unalipwa kredo. Swali likawa lile lile: utajuaje mtu hakuandika tu chochote ili alipwe? Jibu lao halikuwa kuuliza ametoka wapi. Kazi moja ilitumwa kwa watu kadhaa, majibu yakalinganishwa, na mwenye kupatia mara nyingi akapewa uzito zaidi. Walipima kazi. Mimi naona hiyo ni heshima fulani.

Wewe huna seva ya txteagle, lakini unaweza kupima linki yako kabla mtu mwingine akupimie. Kila mahali unapoipeleka iwe na alama yake: bio moja, status nyingine, ile ya grupu la keja nyingine. Halafu ibonyeze mwenyewe kabla ya kampeni kuanza, mara moja kwa Wi-Fi, mara moja kwa bundles, mara moja kwa simu ya beste, na uandike saa kamili. Kama umebonyeza mara nne na kaunta inasema tisa, hizo tano si mashabiki. Mara nyingi ni boti za mitandao zinazokuja kuchukua picha ya kuonyesha chini ya posti. Ya Facebook hujitambulisha kama facebookexternalhit, ya Telegram ni TelegramBot. Si siri, yameandikwa kwa rekodi, ni vile watu hawafungui.

Zile za kushuku kweli zina tabia. Zinafika nyingi ndani ya sekunde moja, ama kwa mpangilio kama saa ya ukutani, usiku wa manane, na hakuna hata moja inayofungua ukurasa wa pili. Na zile grupu za WhatsApp za "bonyeza yangu nibonyeze yako", toka. Hizo ndizo zinafanya sisi wote tushukiwe, na AdSense ikikufungia hapo hutapata wa kukuhurumia.

Mwaka jana kuna ejensi ilinikatia malipo kwa sababu ya "anwani zinazojirudia". Niliwatumia saa zangu za majaribio, na nikauliza swali moja: katika hizo anwani, ngapi ni za kampuni za simu? Ilichukua wiki mbili. Wakalipa asilimia 70, bila kujibu swali. Siku hizi nalitaka jibu liwe kwa mkataba kabla sijaweka linki yoyote: nani anahesabu, anahesabu na nini, na rekodi nitaonyeshwa lini.