Mrithi wa Leo Fender

Leo Fender hakujua kupiga gitaa. Alikuwa fundi redio. Mwaka 1938 alifungua karakana katika mji wa Fullerton, California, akitengeneza redio, gramafoni na vikuza sauti, na wanamuziki wa eneo lile wakazoea kumpelekea vyombo vyao vibovu. Alipoingia katika uundaji wa magitaa ya umeme, aliyaunda kwa akili ya mtu aliyewahi kuhangaishwa na vitu visivyofunguka. Shingo ya Telecaster, ya mwanzoni mwa miaka ya 1950, imeshikwa kwa skrubu nne tu: ikichakaa unaifungua, unafunga nyingine. Stratocaster ya 1954 karibu mfumo wake wote wa umeme umefungwa chini ya bamba moja la plastiki. Legeza skrubu za bamba hilo, nao unainuka wote kwa pamoja mpaka mezani.

Nimeanza na habari hizi kwa sababu mazungumzo juu ya kutengeneza gitaa kuukuu la umeme, na hasa juu ya spea zake, siku hizi yametekwa na watu ambao fundi huyo angewashangaa.

Hao ni wakusanyaji. Huko Marekani, na sasa Ulaya na Japani pia, Fender la kabla ya 1965, mwaka ambao Leo aliiuza kampuni yake kwa shirika la utangazaji la CBS kwa dola milioni 13, huhesabiwa kama kiwanja cha mjini. Kila kipande chake ni ushahidi. Vile vidude vya kupandisha na kushusha sauti, ambavyo mafundi huviita poti, vimegongwa namba mgongoni: 137 ni kiwanda cha CTS, 304 ni Stackpole, na tarakimu zinazofuata zinataja mwaka na wiki. Poti yenye 1376622 ilitoka CTS wiki ya 22 ya 1966. Basi mnunuzi huja na bisibisi na tochi, akafungua bamba, akasoma namba, akachunguza kama risasi ya kulehemu imewahi kuguswa. Mtu aliyebadilisha poti iliyokufa mwaka 1974, akaweka nzima, akaendelea kufanya kazi yake ya muziki, amelitia gitaa doa. Aliyelipaka rangi upya ndiye aliyeharibu kabisa; bei yaweza kuanguka kwa nusu. Poti mbovu ya mwaka unaofaa ina soko kuliko mpya inayofanya kazi. Kichekesho ni kwamba tangu katikati ya miaka ya 1990 kampuni ya Fender yenyewe imekuwa ikiuza magitaa mapya yaliyokwanguliwa rangi na kutiwa kutu kwa makusudi, kwa bei ya juu kuliko yale safi. Sisi wa pwani kutu tunaipata bure.

Msomaji anaweza kudhani kwamba kuogopa kubadilisha chochote ndiyo desturi ya kale ya mafundi wa vyombo vya nyuzi huko Ulaya. Sivyo. Fidla za Antonio Stradivari, aliyefariki Cremona mwaka 1737, karibu zote zilizobaki zimebadilishwa shingo. Kuanzia mwishoni mwa karne ya 18 muziki ulitaka sauti kubwa zaidi na nyuzi zenye mkazo zaidi, hivyo mafundi wakang'oa shingo za awali, wakaweka ndefu zaidi zilizoinamia nyuma, wakatoa na ule upau wa mbao wa ndani na kuingiza mnene zaidi. Kile kichwa kilichochongwa mfano wa konokono walikikata kwa uangalifu na kukiunga juu ya shingo mpya, maana hapo ndipo mkono wa fundi mkuu unapoonekana. Hakuna anayeziita fidla hizo bandia, wala bei yake haikushuka. Zinauzwa kwa mamilioni ya dola.

Mafundi hao wana sheria moja ninayoiheshimu kuliko zote. Huunganisha mbao kwa gundi ya ngozi ya mnyama, ambayo joto na unyevu kidogo huilegeza. Fundi wa leo hufunga akijua kwamba fundi wa miaka 100 ijayo atataka kufungua. Gundi za kisasa za kukauka papo hapo zimeua vyombo vingi ambavyo ufa wake ulikuwa mdogo tu.

Gibson, kampuni nyingine ya magitaa ya Marekani, ni mtoto wa desturi hiyo ya fidla. Orville Gibson alianza Kalamazoo, Michigan, kwa kuchonga mandolini zenye uso uliobinuka kama wa fidla, na gitaa la Les Paul lililotoka mwaka 1952 bado lina uso wa kuchongwa na shingo ya kugundishwa. Kichwa chake kimeinama digrii 17, shingo ni ya mahogani, na pale kichwa kinapoanzia mbao imechimbwa ili kufikia fimbo ya chuma ya ndani. Likianguka chali, huvunjika hapo hapo. Fundi mwenye gundi nzuri na vibano hulirudisha likawa imara, na sikio haligundui kitu. Lakini mkusanyaji hulikata bei vibaya. Stradivari yenye shingo nzima ya kupachikwa ni hazina, na Les Paul yenye ufa ulioungwa ni mkosi! Sijapata kusikia hoja ya kiufundi inayoutetea mwiko huu. Ni woga wa soko.

Yako pia magitaa ya miaka ya 1960 kutoka viwanda vya akodioni, kama Eko la Recanati, Italia, na Hagström la Uswidi. Yalivaa plastiki ya kumetameta na swichi za kubonyeza zilizofanana na vitufe vya akodioni. Swichi hizo zikifa, hakuna duka litakalokusaidia. Utafungua kila moja, uisafishe, na isipopona utaunganisha waya moja kwa moja na kusahau swichi.

Kwetu Afrika Mashariki hali ilikuwa nyingine tangu mwanzo, na sababu kubwa ni umiliki. NUTA Jazz ilipoanza mwaka 1964, vyombo vyake vilikuwa mali ya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park ya mwaka 1978 baadaye ikapata kivuli cha DDC, shirika la jiji la Dar es Salaam. Kwingine mwenye vyombo alikuwa mfanyabiashara. Mpiga solo aliweza kuhama bendi usiku mmoja akaacha gitaa alilolipiga kwa miaka, kwa kuwa halikuwa lake. Kwa hiyo swali lililofika mezani pa fundi halikuwa la mwaka wa poti. Lilikuwa moja: Jumamosi litalia au halilii? Na katika miaka ya mwanzo ya 1980, fedha za kigeni zilipoadimika Tanzania, hata seti ya nyuzi ilikuwa ya kuombea. Spea ya gitaa ilitafutwa ndani ya redio, kwa sababu redio ndiyo iliyokuwepo.

Hapo ndipo ninapomwona Leo Fender tena. Poti za CTS na Stackpole zilitoka katika viwanda vilivyohudumia biashara ya redio na televisheni. Fundi wa Kariakoo, au wa Luthuli Avenue kule Nairobi, anapochomoa poti kwenye redio ya zamani na kuilehemu ndani ya gitaa, anarudia alichofanya muundaji wa Stratocaster, na pengine kwa risasi ileile iliyobaki kwenye ncha ya chuma chake cha kulehemu.

Nasema redio ya zamani kwa makusudi, maana hapa kuna mtego. Kwa kawaida gitaa la Fender linataka poti ya kilo-omu 250, la Gibson 500. Redio za valvu zilikuwa na poti za kiwango hicho au zaidi, kwa hiyo ziliingia vizuri. Redio za transista huwa na kilo-omu 10 au 50. Ukiweka hiyo, gitaa litalia kama lililofunikwa blanketi: sauti nyembamba za juu zote zinamezwa. Magitaa kadhaa niliyoambiwa kwamba yamechoka yalikuwa na ugonjwa huu tu. Fundi asiyepima ana hasara kama ya mkusanyaji asiyepiga.

Kwenye ile sumaku iliyozungushiwa waya, ambayo hunasa mtetemo wa nyuzi na wanamuziki huiita pikapu, fundi wetu ana nguvu zaidi. Mita inatosha kuanzia. Pikapu ya Stratocaster husoma karibu kilo-omu 6, ile ya Gibson yenye koili mbili 7 au 8. Isiposoma kitu, waya umekatika, na kwa hewa yetu ya chumvi na jasho la mikono jambo hilo si geni. Mara nyingi mkato uko kwenye ncha, pale waya mwembamba unapokutana na ule mnene, na tone la risasi linaponya. Ukiwa ndani, ni kusuka upya: waya wa unene wa milimita 0.06 hivi, mizunguko karibu 8,000 kwa Stratocaster ya zamani. Anayesuka koili za mota anazijua kanuni zote za kazi hii. Akiongeza subira ya waya mwembamba ataiweza. Kule Fullerton kazi hiyo ilikuwa ya akina mama wa kiwandani. Abigail Ybarra aliingia Fender mwaka 1956, na pikapu zenye herufi za jina lake leo hutafutwa kama dhahabu.

Kukosa spea kumewahi hata kuzaa muziki mpya. Mingiedi Mawangu wa Kinshasa hakuwa na vinasa sauti vya kukuzia likembe zake, vile vinanda vidogo vya kupigwa kwa vidole gumba, akavisuka kwa sumaku zilizotolewa kwenye vipuri vya magari. Mkwaruzo uliotoka ndio ulioifanya bendi yake, Konono N°1, ijulikane duniani. Ibrahim Ag Alhabib wa Mali, kabla ya kuanzisha bendi ya Tinariwen, alijifunzia gitaa la kopo, fimbo na waya wa breki ya baiskeli. Hata hivyo siwapendi wanaosifu uhaba kana kwamba ni kipaji. Mpiga gitaa wa Kinshasa angependa poti ya kilo-omu 250 sawasawa na mwenzake wa Nashville.

Hukumu yangu ni kwamba mrithi halali wa Leo Fender ni fundi redio, na mkusanyaji ni mlinzi wa makumbusho tu. Lakini fundi wetu ana madeni mawili. La kwanza ni kutoboa. Daraja la nyuzi la Stratocaster ya zamani lina upana wa milimita 56 hivi kati ya skrubu za pembeni, na mengi ya kisasa yana 52. Fundi mwenye haraka hutoboa matundu mapya badala ya kusubiri daraja linaloingia. Hapo ndipo tungeiga watu wa fidla: fanya kazi inayoweza kufumuliwa. La pili ni kumbukumbu. Majalada ya santuri za dansi niliyoyashika yanataja mwimbaji, mtunzi, wakati mwingine mpiga besi. Fundi aliyefanya vyombo vilie simwoni popote.

Kwa hiyo, ukimpelekea fundi gitaa la baba au la bendi iliyokufa, mwombe asitupe alichotoa. Kitie katika bahasha pamoja na karatasi yenye tarehe, kilichobadilishwa, kiwango cha poti mpya, na jina kamili la fundi, kisha ifungie bahasha hiyo ndani ya kasha la gitaa.