Yuniti moja inaweza kukuchelewesha mwaka mzima

Wazazi wengi wetu hapa Pwani humpigia mwana hesabu nyepesi: miaka minne chuoni, mahafali, kisha kazi. Nami nilijipigia hesabu hiyo hiyo, lakini shahada yangu ya ualimu ilichukua miaka mitano kwa sababu ya yuniti moja.

Mwaka wa pili karo ilikuwa haijatimia, nikaiacha yuniti ya hesabu nikidhani nitaisoma muhula ujao. Kumbe yafundishwa mara moja kwa mwaka, tena ndiyo mlango wa yuniti nyingine mbili. Nikaisoma mwaka wa tatu, zilizoitegemea zikasogea hadi wa nne, na za mwisho zikaangukia wa tano.

Kwa hivyo, ndugu mwanafunzi, zingatia haya.

Kwanza, omba idarani orodha kamili ya yuniti za shahada yako. Shahada nyingi nchini ni za miaka 4, uhandisi 5, udaktari 6. Tia alama zilizo za lazima, za kuchagua, na zile ambazo lazima uzipite kabla ya nyingine. Uliza kila moja hufundishwa muhula gani.

Pili, anayesomea ualimu wa sekondari asibadilishe ovyo masomo yake mawili ya kufundishia. Ukibadilisha katikati, yuniti za nyuma zote zitakungoja.

Tatu, jisajili kila muhula na uhifadhi nakala. Alama zikikosekana kwenye matokeo, zifuatilie muhula huo huo, mhadhiri akiwa bado yupo. Wengine hugundua pengo mwaka wa mwisho, jina linapokosa kwenye orodha ya mahafali.

Nne, tenga pesa za mazoezi ya kufundisha mapema. Nauli na chakula cha majuma hayo hutoka mfukoni mwako.

Tano, karo ikipungua, usiiache yuniti kimyakimya. Nenda kwa mkuu wa idara na ofisi ya fedha, uulize kama waweza kulipa kidogo kidogo. Mkopo wa HELB nao ni deni la kulipwa, na mwaka wa ziada ni mzigo juu ya mzigo.

Mimi niliona aibu kusema sina pesa. Aibu hiyo ilimgharimu mamangu gharama za mwaka mzima.