Kisangani kwa Miguu: Majina ya Mji wa Mto na Historia ya Kiswahili

Mgeni anayetaka kuujua mji wa Kisangani, uliojengwa kwenye kingo za mto Kongo, anaweza kuutembea bila ya kiongozi, mradi awe tayari kuyasoma majina ya mahali kama asomavyo hati za kale. Njia inayofaa ni kuufuata mto kutoka juu kwenda chini, kwani ndivyo Kiswahili chenyewe kilivyoingia.

Matembezi na yaanzie kwenye maporomoko ya Wagenia, ya mwisho kati ya maporomoko saba ya Boyoma yanayoanzia karibu na Ubundu. Hapo wavuvi husimamisha majiti katikati ya mkondo na kuyafungia migono mikubwa ya kunasia samaki. Wenyeji hao hujulikana pia kwa jina la Enya. Kiambishi wa- kilicho mwanzoni mwa jina la maporomoko ni alama ya Kiswahili. Kilingala kingetumia ba-. Uvuvi huo ni mkongwe kuliko jina lililobandikwa juu yake.

Jina hilo lina historia. Mwaka 1876 Tippu Tip, mfanyabiashara wa Unguja, alimsindikiza H. M. Stanley kutoka Nyangwe, na Januari 1877 Stanley akayapita maporomoko. Alirejea Desemba 1883 akaanzisha kituo katika kisiwa kimojawapo. Mwaka 1887 Mfalme Leopold II wa Ubelgiji alimteua Tippu Tip kuwa gavana wa eneo hilo. Vita vya 1892 hadi 1894 vilivunja mamlaka ya wafanyabiashara wa pwani, lakini lugha yao ilibaki.

Akiteremka hadi Makiso, katikati ya mji, mtembeaji hulikuta kanisa kuu la Kikatoliki karibu na mto. Mji huu uliitwa Stanleyville hadi 1966, na jina la Kisangani kwa kawaida hufasiriwa kuwa 'kisiwani'. Hapa Patrice Lumumba alifanya kazi katika idara ya posta kabla ya kuingia katika siasa za kitaifa. Hapa pia meli zinazopanda kutoka Kinshasa hukoma, maana maporomoko hayapitiki. Ndiyo sababu reli ya kwenda Ubundu ilifunguliwa mwaka 1906 kwenye ukingo wa kushoto. Ambapo meli zilikoma, lugha nazo zilikutana: Kilingala kilipanda na mto, Kiswahili kikateremka nao.

Hata hivyo, matembezi haya hayatakamilika pasipo kulichunguza jina moja lisiloandikwa katika kibao chochote cha mtaa. Kiswahili cha Kongo kiliitwa Kingwana, yaani lugha ya waungwana. Pwani, muungwana alikuwa mtu huru, mwana wa watu huru. Bara, jina hilo walijipa wapagazi na askari wa misafara, ambao wengi wao huko pwani walihesabiwa kuwa watumwa au wana wa watumwa. Watu hao hao walishiriki kuteka wanavijiji na kuwabebesha pembe za ndovu. Hivyo basi, neno lililobeba dai la uhuru la walionyimwa uhuru lilisikika, masikioni mwa wengine, kama sauti ya mtekaji.

Katika kumbi za mihadhara Kiswahili husifiwa kuwa lugha ya umoja, na sifa hiyo ina msingi. Lakini Kisangani inaonyesha kwamba umoja huo ulikuja baadaye, kwa kazi ya waliokipokea. Wavuvi, wachuuzi na wake walioolewa na watu wa misafara ndio waliokifanya kuwa lugha ya soko na ya nyumbani. Urithi huo wastahili kusimuliwa pamoja na gharama yake, kuanzia pale pale kwenye migono ya Wagenia.